Mume wangu kaitwa na daktari asiyemjua. Aende na magongo?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tabora, huku Ng'ambo. Nina watoto watatu, asubuhi nauza vitumbua, jioni mihogo. Mume wangu ana miaka 41 na ni mpakiaji kwenye ghala la tumbaku, mwaka wa tisa huu. Mwezi wa tano, msimu umepamba moto, walikuwa wanapakia lori. Ubao anaopandia ukateleza, akaanguka, na robota la tumbaku likamfuata mgongoni. Wenzake walimkimbiza hospitali, akapigwa picha, wakasema mifupa haijavunjika. Akapewa dawa na karatasi ya kupumzika. Mpaka leo maumivu yanashuka mguu wa kushoto, vidole viwili vina ganzi, na usiku analalia ubavu mmoja tu. Tangu siku ile anaswali kwenye kiti.

Msimamizi aliandikisha ajali na madai yakapelekwa Mfuko wa Fidia. Wiki iliyopita ikaja barua kwamba aende Mwanza, Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu, akaonwe na daktari mwingine kwa ajili ya "tathmini ya ulemavu". Huyo daktari hatumjui. Daktari wetu wa hapa anamjua tangu siku ya kwanza, mbona asiulizwe yeye?

Sasa nyumbani hakukaliki. Mjomba wake kaleta magongo mawili, kamwambia ayazoee kabla ya safari. Akifika avute mguu, akiguswa apige kelele, maana "hao wanalipwa waseme umepona". Baba mkwe kasikia, kawaka. Anasema mwanaume halii mbele ya watu, aende ajibu anachoulizwa, arudi. Mwenyewe kakaa kimya, ila juzi kaniambia bora asiende kabisa. Na kuna jirani alimwona kabeba ndoo ya maji, akasema hapo ameshaharibu kesi. Tajiri naye ameanza kusema kama kazi haiwezi basi aandike barua ya kuacha.

Halafu kaka yangu yuko Kigoma kwenye karakana ya mbao, masikio yanavuma, naye ameambiwa atapelekwa kupimwa. Vipimo ni vilevile au kila ugonjwa una vyake? Nisaidie kabla hatujakata tiketi.

Mama Zuhura, Tabora

*

Marahaba, Mama Zuhura. Mpe pole mgonjwa.

Aende. Akikataa bila sababu ya maana madai yatasimama, na hapo mtakuwa mmewasaidia haohao mnaowaogopa. Aende bila magongo ya mjomba, na asiende na ushauri wa baba mkwe pia. Najua wa pili ndiyo mgumu zaidi kuuacha, nitaufikia.

Kabla sijaanza kujibu barua zenu nilikuwa muuguzi. Miaka minne ya mwisho kabla ya kustaafu nilikaa kwenye chumba cha tathmini, nikimshikia daktari faili na kuwasaidia watu kuvua viatu. Kwa hiyo ninayokueleza mengi niliyaona nikiwa nimeinama pale chini.

Umeuliza mbona asiulizwe daktari wenu. Ataulizwa, maandishi yake yatasomwa. Lakini daktari anayetibu ana kazi moja, kumponya mumeo, na anaandika kwa ajili ya daktari mwenzake: dawa fulani, apumzike wiki mbili, arudi kliniki. Hakuna mahali anapoandika kama jeraha lilitokana na robota au lilikuwepo, wala mgongo umepoteza kiasi gani cha kazi yake. Anayefanya tathmini hatibu. Hatampa hata panadoli, na msimchukie kwa hilo. Ameitwa ajibu maswali ya wengine: mtu huyu ana tatizo gani, limetokana na kazi au kazi imelizidisha, limefikia pale ambapo halitazamiwi kubadilika sana, na kama ni hivyo, amepungukiwa asilimia ngapi. Na jueni kwamba siri ya daktari na mgonjwa mliyoizoea humo haiko vilevile. Atakachoambiwa kinaingia kwenye ripoti na ripoti inakwenda kwa aliyeiomba.

Mjomba anasema wanalipwa. Kweli, wanalipwa, na siyo na nyinyi. Wapo wazuri, wapo wanaomwona mtu kwa dakika kumi huku wakiangalia saa, nimefanya kazi na wote. Ndiyo maana nasisitiza makaratasi. Daktari mvivu akiletewa makaratasi yaliyopangwa huwa anafanya kazi vizuri kuliko alivyokusudia.

Lakini fedha yenyewe mwielewe inatoka wapi, labda hasira za nyumbani zitapungua. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umetokana na sheria ya mwaka 2008, na ulianza kazi mwaka 2015. Kila mwajiri wa Tanzania Bara, wa serikali au binafsi, anauchangia kutoka mfukoni kwake. Haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Mfanyakazi anatakiwa amjulishe mwajiri mapema, na madai yasipite miezi 12 tangu ajali. Nyinyi hapo mmeshavuka salama. Wakati mtu hajaweza kurudi kazini analipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu ukionekana ni wa kudumu, ndipo asilimia ya daktari inapoamua: isipozidi 30 analipwa mkupuo mmoja, ikizidi 30 anapata pensheni ya kila mwezi. Unaona basi kwa nini mstari mmoja wa ripoti una uzito.

Sasa nikueleze kilichowaangusha wengi niliowaona, na siyo uongo.

Alikuja fundi wa magari, mtu mzima, mpole. Nilikaa naye kwenye benchi nje, akanieleza ana usiku wa tatu analala kwenye kiti kwa sababu akilala chali mguu unawaka moto. Jina likaitwa, tukaingia. Daktari akasema, macho kwenye karatasi, "Unaendeleaje, mzee wangu?" Akajibu, "Tunamshukuru Mungu daktari, naendelea vizuri." Kalamu ikatembea. Ripoti ilipotoka, mstari wa pili ulisomeka kwamba mhusika mwenyewe anaeleza hali yake ni nzuri. Mzee hakudanganya na daktari hakumsingizia. Alisalimiwa, akaitikia.

Ndivyo tulivyo. Habari za nyumbani? Nzuri, ila tumefiwa. Hujambo? Sijambo, naumwa tu. Mtu anatetemeka na homa lakini "sijambo" lazima itangulie, ni adabu. Na huko kwenu kuna la ziada. Tabora ni mji wa wapagazi, mababu zenu walibeba pembe na vitambaa mabegani hadi pwani na kurudi, na kijana aliyekuwa hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Baba mkwe anaposema mwanaume halii, anazungumza na hao wote nyuma yake. Simlaumu. Lakini karani wa fidia hakuzaliwa huko kwenu Unyanyembe, atasoma kilichoandikwa.

Kwa hiyo mumeo aitikie salamu kama mtu aliyelelewa, halafu aongeze sentensi moja: "Salamu nimeitikia daktari, sasa naomba nikueleze mgongo." Hiyo aikariri.

Na aueleze kwa maneno yake sahihi, maana Kiswahili hakijatunyima. "Unauma" peke yake haimsaidii daktari. Unachoma? Unavuta? Unakaza asubuhi ukalegea mchana? Unapwita? Unaanza kiunoni ukashuka nyuma ya paja mpaka chini ya goti, au unaishia kwenye tako? Na hiyo ganzi, Mama Zuhura, hukusema ni vidole vipi. Kidole gumba na mwenzake wa pembeni ni habari moja, kidole cha mwisho na ukingo wa nje wa unyayo ni habari nyingine, kwa sababu kila eneo la ngozi lina mshipa wake wa fahamu unaotoka kwenye pingili yake. Mtu anayeonyesha kwa kidole ganzi inapoanzia na inapoishia anampa daktari ramani ambayo hakuna mjomba anayeweza kuitunga. Ila ikitokea ganzi ikapanda sehemu za siri au katikati ya mapaja, au akashindwa kuzuia mkojo au choo, msingoje Alhamisi wala Mwanza. Kimbilieni hospitali saa hiyohiyo, ni dharura.

Kuna jambo ulilitaja kwa kupita tu, kwamba anaswali kwenye kiti. Hilo ndilo la kwanza kumwambia daktari. Mtu aliyekuwa anarukuu na kusujudu mara tano kwa siku, leo miezi mitano hajaweka paji la uso chini, hicho ni kipimo kuliko vipimo. Mwulize na mengine ya aina hiyo. Choo cha kuchuchumaa anatumiaje? Viatu nani anamfunga? Anaweza kukaa kitini muda gani kabla hajasimama, vitumbua vya sufuria moja au mbili? Tangu leo chukua daftari la Zuhura lililobaki kurasa, uwe unaandika kila jioni mistari miwili mitatu, na tarehe. "Jumanne. Aliamka saa tisa usiku, akatembea uani. Soksi nilimvalisha mimi. Alasiri afadhali, alikaa barazani mpaka magharibi." Siku nzuri nazo ziandike. Daftari lenye siku mbaya tupu halisomeki kama kweli.

Na ndoo iingie humo. Alibeba? Alibeba. Ilikuwa ya lita ngapi, alifika nayo wapi, usiku ule alilalaje? Akiulizwa kama anabeba vitu na akasema habebi kabisa, na jirani keshamwona, na jirani ana mdomo, hapo kesi ndipo inapoharibika. Akisema "nilijaribu ndoo ndogo siku moja, nikaiacha mlangoni, siku mbili zilizofuata sikutoka nje", amesema ukweli na amejieleza.

Sasa magongo. Nilipokuwa nawavua watu viatu nilikuwa nageuza soli kabla sijaziweka chini, na sikuwa peke yangu. Mtu anayevuta mguu miezi mitano kiatu kimoja huliwa upande. Anayetembelea magongo huota sugu viganjani. Halafu daktari anatoa futi ya fundi cherehani, anapima mzunguko wa shavu la mguu huu na la mguu ule, mahali palepale. Mguu usiokanyagwa miezi yote hiyo husinyaa, na futi inaonyesha. Atamlaza chali na kuinua mguu ulionyooka, aone maumivu yanaanzia nyuzi ngapi. Baadaye atamkalisha ukingoni mwa kitanda, atamnyoosha mguu uleule kana kwamba anaangalia unyayo tu. Anayepiga kelele akilazwa na kutulia akikalishwa anaandikwa. Atagonga goti na kisigino kwa kinyundo, na hapo mtu hajiongozi, mguu unaruka wenyewe au hauruki. Atamwambia atembee kwa vidole, kisha kwa visigino.

Sisemi kila anayetofautiana kidogo ni mwongo. Hofu nayo inakaza misuli, na madaktari makini wanalijua hilo. Lakini mtu mwenye mgongo mbovu wa kweli akijiongezea mguu wa bandia, daktari akigundua wa bandia atautilia shaka na ule wa kweli. Mumeo ana ganzi ya kweli. Mjomba anataka kuizika chini ya magongo.

Kuhusu picha iliyosema mifupa haijavunjika, isiwavunje moyo. Eksirei inaonyesha mfupa. Ile sahani laini iliyo katikati ya pingili, inayoweza kutoka mahali pake ikabana mshipa, haionekani humo. Hiyo huonekana kwa MRI, kipimo cha sumaku kinachopiga picha hata sehemu laini za mwili. Kama daktari wa Tabora aliwahi kuandika kwamba anahitaji MRI na haikufanyika, karatasi hiyo ni dhahabu, isisahaulike. Ila na MRI ina mtego wake. Watu wengi wasioumwa chochote, hasa waliopita miaka arobaini, wakipigwa hukutwa sahani zimechakaa. Mtathmini anaweza kusema huu ni umri, siyo robota. Jibu la hapo ni historia: mtu aliyebeba mizigo miaka minane bila kukosa kazi kwa ajili ya mgongo, na maumivu yakaanza siku ya ajali. Ndiyo maana sheria yetu ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe anapoanza kazi na aendelee kupimwa kwa vipindi. Kama alipimwa alipoajiriwa, aiombe hiyo karatasi kwa maandishi. Kama hakupimwa, tajiri ndiye mwenye la kujieleza.

Je, ana kisukari? Hukusema. Kama anacho, akitaje kabla hajaulizwa. Ganzi ya kisukari mara nyingi huanza miguu yote miwili, kama mtu aliyevaa soksi, na ya mshipa uliobanwa hufuata mstari kwenye mguu mmoja. Daktari anaweza kuzitenganisha, lakini akiikuta sukari mwenyewe baada ya kufichwa, mengine yote atayasoma kwa jicho lingine. Kuwa na ugonjwa wa zamani hakufuti madai. Kuuficha kunaweza.

Nije kwa kaka yako wa Kigoma, maana masikio ni shamba jingine kabisa. Pale hakuna kuinua mguu. Anaingizwa kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, anavishwa vipokea sauti, anabonyeza kitufe kila anaposikia mlio, hata ukiwa kwa mbali sana. Kelele za msumeno zikizidi desibeli 85, yaani kipimo cha ukali wa sauti, siku nzima, miaka kwa miaka, huanza kula milio myembamba, karibu na hezi 4,000, kabla ya ile minene. Ndiyo maana mtu anasema "nasikia, ila sielewi", sauti za watoto zinampita na mngurumo wa lori anausikia. Kwenye karatasi uharibifu wa aina hiyo una umbo lake, bonde linaloshuka na kupanda tena kidogo, na kwa kawaida liko masikio yote mawili. Sikio moja likiwa baya na jingine zima, daktari ataanza kuuliza mengine, usaha wa utotoni au kofi.

Kosa la kaka yako linaweza kuwa moja dogo sana: kutoka zamu akaenda kupimwa. Sikio lililotoka kwenye msumeno linakuwa limechoka, linapima vibaya kuliko lilivyo, na kipimo kinakataliwa. Akae mbali na kelele angalau saa 14 kabla, na disko la harusi ni kelele pia. Nta iangaliwe hospitali kwanza, asijichokoe na njiti. Na asijaribu kubonyeza kwa kuchelewa ili aonekane kiziwi. Milio inarudiwa kwa kuchanganywa, na anayebahatisha majibu yake hayafanani. Huo mvumo wa masikio hauna mashine inayoupima moja kwa moja. Hapo neno lake ndilo linaloandikwa, kwa hiyo aueleze: unavuma kama nyuki, kama filimbi, unamwamsha?

Kifua nacho kina namna yake. Nawasemea wanaofanya kazi kwenye vinu vya pamba vya Igunga na Nzega, maana mwaka jana niliandikiwa na mmoja. Unapuliza kwenye mrija kwa nguvu zako zote, angalau mara tatu, na mashine inalinganisha. Anayepuliza nusunusu makusudi mistari yake haifanani. Vumbi la pamba lina tabia ambayo mgonjwa akiitaja daktari anainua kichwa: kifua kubana zaidi siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, Jumatatu, kisha kulegea wiki ikiendelea. Wenye vumbi la mwamba wa dhahabu hali ni tofauti, makovu ya mapafu yanaweza kuonekana kwenye picha miaka mingi baada ya mtu kuacha shimo. Hao wahifadhi majina ya kila mgodi waliofanya kazi na miaka yake.

La kichwani ndilo linaloonewa kuliko yote. Mtu aliyeona mwenzake akifa kazini, akaanza kuota, kuogopa mlio wa injini, kugombana na watoto, hakuna picha itakayomwonyesha. Daktari wa akili atategemea mazungumzo na maelezo ya anayeishi naye. Huyo asiende peke yake.

Kwa Alhamisi yenu basi. Mkae na faili moja: ile barua, kitambulisho, cheti cha kutoka hospitali, picha zenyewe na siyo maelezo yake tu, karatasi zote za mapumziko, na dawa anazomeza zikiwa kwenye pakiti zake. Toeni nakala, halisi zibaki mkononi mwenu. Ombeni leo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kujua nauli na malazi ya Mwanza analipa nani, kabla hamjakata tiketi. Msisafiri usiku wa kuamkia tathmini. Basi kupitia Nzega na Shinyanga ni siku nzima ya kukaa, fikeni Jumatano. Na amwambie daktari: "Jana nilikaa ndani ya basi, leo mgongo uko hivi, siku nisiyosafiri uko vile." Wewe ingia naye. Wakikuzuia, kaa nje na saa yako, andika aliingia saa ngapi na alitoka saa ngapi. Akitoka, palepale kwenye benchi, aandike alipimwa nini na aliulizwa nini. Kesho yake atakuwa amesahau nusu.

Ripoti ikitoka, ombeni nakala. Msipoafiki, mna haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya, na ukishindikana kuna ngazi za juu yake. Muda wake una mwisho, kwa hiyo barua hiyo isilale kabatini. Ila msiandike "daktari amenunuliwa", hakuna anayejibu sentensi hiyo. Andikeni: ripoti inasema mguu wa kulia, ganzi iko wa kushoto. Inasema hakuna rufaa ya MRI, hii hapa nakala. Inasema ajali ya mwezi wa sita, ilikuwa wa tano. Niliona ripoti iliyobadilishwa kwa sababu ya mguu tu.

Huyo tajiri anayetaka barua ya kuacha kazi, asiandikiwe. Akiiandika itasomeka kwamba ameondoka kwa hiari yake. Sheria ya kazi inampa mgonjwa likizo ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara, na zikiisha bado mwajiri anatakiwa kuangalia kama kuna kazi nyepesi kabla ya kumwondoa. Akimwachisha, mna siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Siku 30, siyo "tutaona baada ya sikukuu".

Magongo mrudishieni mjomba kwa heshima, mwambieni yamepata mgonjwa mwingine wa kuyahitaji. Baba mkwe mwache na wapagazi wake, ila mwombe asimsindikize stendi, asije akamkumbusha kukaza meno. Na leo jioni, ukishamaliza mihogo, mkalishe mumeo barazani, jifanye daktari, umwulize, "Unaendeleaje?" Akikujibu "vizuri", mrudishe mlangoni aingie upya.